Kunyoa ndevu kwa mashine ya wembe: kwa nini shingo yako inawaka

Swali la msomaji: "Shikamoo kaka. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Mafinga na bosi anataka tuwe na uso safi kila siku. Nilichoka kununua vinyoleo vya plastiki kila wiki, nikapata mashine ya chuma, ile ya kufungua na kuweka wembe wa kawaida wa dukani, kwenye mitumba pale Mwanjelwa. Nina miezi kama miwili nayo. Mashavu yanatoka vizuri, lakini chini ya taya najikata karibu kila nikinyoa, na siku mbili baadaye shingo inajaa vipele vigumu, vingine vina usaha. Washkaji wananiambia nibonyeze zaidi na nirudie kwa kupandisha mpaka nikigusa nisisikie kitu. Nimefanya hivyo na hali imezidi. Wembe ndio mbovu, mashine ndiyo mbovu, au ngozi yangu haifai? Nirudi kwenye vya plastiki?"

Marahaba mdogo wangu, na pole na shingo. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Wembe wako pengine ni mzima, mashine pengine ni nzima, na ngozi yako haina kosa. Kinachokuumiza ni uzito wa mkono na upande unaonyolea. Yale mawili uliyoshauriwa na washkaji ndiyo hasa yanayoleta mawili unayoyalalamikia: kubonyeza kunakukata, kupandisha kunakuletea vipele. Yaache kuanzia leo.

Nanyoa watu Mbeya na ninafundisha vijana wanaotaka kuwa vinyozi. Nimeona kwamba mtu akishaelewa wembe unafanya nini pale kwenye ngozi, mkono wake unatulia haraka kuliko akikaririshwa amri. Kwa hiyo nivumilie kidogo nikueleze vipele vinatoka wapi.

Ndevu za wengi wetu zina mkunjo. Udevu hautoki kwenye ngozi ukiwa wima, unatoka umelala, na hata shina lake kule ndani limepinda. Ukiunyoa kwa kuupinga, yaani kinyume na unakolala, huku umevuta ngozi kwa vidole, unakatwa kwa mshazari na ncha yake inabaki imechongoka. Ukiachia ngozi, inarudi mahali pake na ile ncha inazama chini ya uso wa ngozi. Ndevu hukua takriban theluthi moja ya milimita kwa siku. Ncha iliyozama inaanza kutafuta njia ya kutoka, na kwa kuwa imepinda na imechongoka, inatoboa ukuta wa tundu lake kwa ndani. Nyingine zinafanikiwa kutoka, zinajikunja, kisha zinaingia tena kwenye ngozi ya pembeni. Kwa njia yoyote ile, mwili unaupokea udevu huo kama kitu kigeni na kuanza kupambana nao: uvimbe, wekundu, usaha. Ndiyo maana vipele vyako vinakuja siku ya pili na si saa ileile ya kunyoa. Ule moto unaousikia palepale ukimaliza ni kitu kingine, ni ngozi ya juu iliyochunwa na makali kwa sababu ya kubonyeza.

Sasa utaona kwa nini ule ulaini wa kugusa usisikie kitu sikutakii. Kwa shingo yenye ndevu za mkunjo, ulaini huo maana yake ncha zote zimekatiwa chini ya ngozi. Lengo lako liwe uso unaoonekana safi kwa mgeni aliyesimama upande wa pili wa kaunta. Ukipapasa kwa kidole na kusikia ukwaru kidogo, hapo umenyoa vizuri. Acha.

Tuje kwenye mashine. Kifaa hiki kina historia ndefu. Mmarekani King Camp Gillette alipewa hataza yake, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1904, na mhandisi William Nickerson ndiye aliyefanya kazi ngumu ya kupata namna ya kuufanya ukanda mwembamba wa chuma uwe mgumu na ushike makali. Umbo la wembe limebaki lilelile kiasi kwamba wembe wa duka la jirani yako unaingia kwenye mashine iliyotengenezwa Ulaya kabla hujazaliwa. Unene wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiushika peke yake unacheza. Ukiubana kati ya kofia ya juu na sahani ya chini, unapinda kufuata kofia, na kule kupinda ndiko kunakoukaza usitetemeke. Kwa hiyo mashine isiyokazwa vizuri inatetemesha makali, na makali yanayotetemeka yanang'ata.

Kwa kuwa yako ni mtumba, ifungue yote. Isugue kwa mswaki wa zamani na sabuni, hasa kwenye meno ya skrubu na chini ya kofia, maana huko ndiko sabuni ya mwenyewe wa kwanza ilikogandia. Kisha ilaze kwenye spiriti dakika kumi. Usiiloweke usiku kucha kwenye dawa ya klorini ya kufulia, itakula ule mng'ao wa juu na chuma cha ndani kitaanza kutoboka. Weka wembe mpya ukiushika kwenye ncha zake fupi, kaza, halafu inua kichwa cha mashine uelekeze dirishani. Makali ya pande mbili yajitokeze sawasawa chini ya kofia. Ukiona upande mmoja umechungulia zaidi, huo utakukata hata ukiwa na mkono wa malaika. Legeza, sogeza wembe ukae katikati, kaza tena, angalia tena. Kama bado haulingani, sahani imepinda, tafuta mashine nyingine. Ila kwa kuwa mashavu yako yanatoka vizuri, sidhani kama shida yako iko hapo.

Kuhusu wembe wenyewe, nyumba nyingi zina wembe mmoja wa kila kazi: kucha, kufumua uzi wa nguo, kufungulia pakiti. Wako wa ndevu usiguse kitu kingine chochote. Ukishapita kwenye uzi au kucha, makali yameshavunjika mahali ambapo jicho halioni. Wembe mmoja utakupa mara tatu hadi tano za kunyoa, kutegemea ugumu wa ndevu zako. Siku utakapousikia unavuta badala ya kukata, usiubembeleze. Na usiufute makali kwa taulo. Suuza kwa maji, kung'uta, acha ukauke wenyewe. Nyembe nyingi za siku hizi zimepakwa utando mwembamba kwenye makali ili ziteleze, na taulo linauondoa.

Sasa baridi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mtu wa Dar es Salaam akifungua bomba asubuhi anapata maji ya uvuguvugu bila kuomba. Wewe hapo Mafinga, sawa na sisi Mbeya na ndugu zetu wa Njombe na Makete, mwezi wa sita na wa saba unapata maji yanayouma meno. Ukinyoa nayo hivyohivyo, yanatokea mambo matatu. Udevu unabaki mgumu, kwa sababu ni maji, tena ya moto kiasi, ndiyo yanayoulainisha, na ya baridi yanachukua muda mrefu zaidi kuingia. Malaika yanasisimka, ngozi inafanya vinundu kila penye tundu la unywele, na wembe ukipita unakata vichwa vya vile vinundu. Na vidole vinakufa ganzi, husikii tena unabonyeza kiasi gani. Watu wengi wanaoniambia ngozi yao haipatani na wembe wananyoa saa kumi na mbili asubuhi kwa maji ya ndoo iliyolala nje.

Dawa yake ni nyepesi. Usiku jaza chupa ya chai maji ya moto. Asubuhi oga kwanza, kunyoa kuje mwisho. Kisha chovya taulo dogo safi kwenye maji ya moto yanayovumilika, likamue, lifunike uso kuanzia mashavuni hadi shingoni, ulishikilie dakika mbili hadi tatu. Rudia likipoa. Dakika hizo watu huziruka kwa sababu hazionekani kufanya kitu, lakini udevu uliolowa sawasawa unakatika kwa nguvu ndogo sana kuliko mkavu, na nguvu ndogo ndiyo tunayoitafuta toka mwanzo. Pasha na vidole vyako kwenye maji hayohayo.

Povu. Sabuni ya mche ya kufulia usiipeleke usoni, ni kali na inakausha. Krimu ya kunyolea ya tyubu ni nzuri ukiipata. Kama huna, sabuni ya kawaida ya kuogea inafaa ukiiongezea matone matatu manne ya glisirini, ile ile ya chupa ndogo inayouzwa kila duka. Glisirini inashika maji, hivyo povu halikauki usoni katikati ya kazi, na hewa yetu ya kipupwe hukausha povu upesi sana. Zungusha brashi yenye maji kidogo juu ya sabuni, halafu jenga povu usoni penyewe kwa mizunguko, ukiongeza maji tone kwa tone. Povu zuri linakuwa zito na linang'aa, mithili ya mtindi uliokorogwa. Ukiona mapovu makubwa yanayopasuka, umeweka maji mengi na sabuni kidogo. Wembe utapita kwenye hewa na kukutana na ngozi tupu. Ukiona sabuni inagandamana na kuacha utando mweupe kwenye beseni, maji yako ni magumu, yana chokaa. Kinga maji ya mvua uyatumie kwa kunyolea tu, utaona tofauti siku ileile. Huna brashi? Vidole vinatosha, sugua tu muda mrefu zaidi.

Kushika mashine na kuipitisha ni jambo moja dogo, ila ndilo lote. Fanya nami hatua moja shavuni. Simama mbele ya kioo, mwanga ukitokea dirishani upande wako. Shika mpini kwa ncha za vidole, karibu na mwisho wake, kidole gumba upande mmoja na viwili upande wa pili. Usiukumbatie kwa kiganja, kiganja ndicho kinachobonyeza. Laza kofia ya mashine shavuni, chini kidogo ya sharafa, mpini ukiwa umetoka nje kwenda sambamba na sakafu. Hapo wembe haugusi kitu; ukiteremsha mashine inateleza tu. Sasa, huku ukiteremsha taratibu sana, anza kuinamisha mpini kuelekea chini, kidogo, kidogo tena. Utafika mahali utasikia sauti, mchakacho mwembamba wa ndevu zinazokatika. Usiinamishe zaidi. Umeshapata pembe yako, takriban nyuzi 30 kati ya wembe na ngozi. Ukiendelea kuuinamisha mpini, makali yanageuka kuikwangua ngozi. Teremsha sentimita mbili au tatu, nyanyua, rudi juu. Hatua fupi. Kila baada ya hatua mbili tatu geuza upande wa pili wa mashine, na pande zote mbili zikijaa, suuza.

Uzito wa mashine ya chuma wenyewe unatosha kukata udevu uliolowa. Kazi ya mkono ni kuelekeza. Namna ya kujua kama unabonyeza ni kuangalia ngozi iliyo mbele ya mashine: ikijikunja au kutengeneza wimbi dogo wakati mashine inateremka, umebonyeza. Ukisikia sauti inafifia na badala yake unasikia mvuto, usiongeze nguvu. Ama pembe imepotea, ama povu limekauka, ama wembe umeisha. Vitu vitatu hivyo tu. Kubonyeza hakutibu hata kimoja.

Sasa chini ya taya, mahali pako pa damu. Nina hakika kubwa unateremsha mashine kutoka shavuni moja kwa moja hadi shingoni kwa hatua moja ndefu. Shavuni ngozi imelala bapa na pembe yako ni sahihi, ndiyo maana panatoka vizuri. Ukifika kwenye mfupa wa taya, uso unageuka kuingia ndani lakini mkono wako unaendelea kwenda chini vilevile. Pembe inabadilika bila wewe kubadilisha kitu, kona ya wembe inachimba, unakatika. Kwa hiyo ukifika kwenye mfupa, simama. Nyanyua mashine kabisa. Inua kidevu, geuza uso kidogo upande wa pili, laza kofia upya chini ya mfupa, tafuta tena ile sauti, ndipo uendelee. Taya na shingo ni sehemu mbili, kila moja ina mwanzo wake.

Hapo kwenye taya penyewe, na kuzunguka kikoromeo, pana ngozi legevu. Inyooshe kwa kidole kilichokauka, lakini kwa kiasi cha kuondoa ukunjo tu. Mtu mwenye ndevu zilizonyooka anaweza kuvuta ngozi mpaka ikaze na asipate shida. Wewe ukivuta hivyo unarudi palepale kwenye ncha zinazozama. Kwenye kikoromeo mbinu nzuri ni kumeza mate na kushikilia, au kusogeza ngozi pembeni kwa kidole, uinyoe ikiwa imelala upande wa shingo, kisha uiachie.

Lipo jambo la pili kuhusu shingo, nalo ndilo linalowashinda hata watu wazoefu. Ukisema unanyoa "na ndevu", yaani kufuata zinakolala, unadhani ni kutoka juu kwenda chini. Mashavuni ni kweli kwa watu wengi. Shingoni kila mtu ana ramani yake. Wapo ambao ndevu za chini ya taya zinalala kuelekea sikioni, wapo ambao zinapanda kuelekea kidevuni, na wapo wenye kisima kidogo upande mmoja tu ambapo zinazunguka. Ukiteremsha wembe mahali ambapo ndevu zinapanda, umeshazipinga bila kujua, hata kama unaamini unafuata sheria.

Chora ramani yako. Ziache ndevu kwa siku mbili, panga iwe kwenye mapumziko yako ya kazi. Chukua kipande cha pamba kavu, kipitishe shingoni taratibu kwa njia nne: chini, juu, kwenda sikioni, kwenda kooni. Pale ambapo pamba inanasa na kuacha nyuzi zake, unazipinga. Pale inapoteleza, unakwenda nazo. Chora shingo kwenye karatasi na uweke mishale, bandika karatasi kando ya kioo. Kazi hiyo haichukui hata robo saa na utaitumia maisha yako yote, kwa kuwa ndevu hazibadilishi mlalo kwa sababu ya kunyolewa.

Nyoa raundi moja kwa kufuata mishale hiyo. Moja tu, kwa majuma mawili ya mwanzo, hata kama utaona vivuli vimebaki. Baada ya hapo, kama ngozi imetulia, paka povu upya na upitie raundi ya pili sehemu zile tu zilizobaki, ukikata kwa ubavu, yaani kukatisha mlalo wa ndevu. Usipitishe wembe mahali ambapo povu limeshaondoka, hata mara moja, hata kwa udevu mmoja uliobaki. Raundi ya kupinga, kwa shingo yako, sikuruhusu. Nina wateja ambao ndevu zao zimenyooka na wanapinga kila asubuhi bila kipele hata kimoja, usijipime nao.

Chini ya pua na kidevuni sina mengi: kunja mdomo wa juu juu ya meno ngozi inyooke, hatua za nusu sentimita, mwisho kabisa ili povu likae muda mrefu zaidi hapo kwenye udevu mgumu.

Ukimaliza, suuza kwa maji ya baridi, na hapa bomba la Mafinga linakusaidia. Kausha kwa kugandamiza taulo, usisugue. Kisha chukua jiwe la shabu, lile linalouzwa kwa wauza dawa za asili, lichovye majini na uliteleze shingoni na mashavuni. Acha dakika moja, suuza. Shabu inabana vijitundu vya damu, na pia itakupa ripoti: mahali inapouma ndipo ulipobonyeza leo. Iamini ripoti hiyo kuliko kioo. Ukijikata kweli, gandamiza kitambaa safi dakika mbili bila kuchungulia, halafu shabu. Spiriti kila siku siipendi kwa watu wa huku. Kipupwe kimeshakausha ngozi tayari, spiriti inaimalizia hadi inapasuka. Malizia na glisirini iliyochanganywa na maji kidogo.

Lakini yote hayo ni ya baadaye. Kwa vipele ulivyonavyo sasa, wembe usiguse shingo kwa majuma matatu hadi manne, mpaka ndevu zilizonasa zirefuke na kujitoa. Ongea na bosi wako, mweleze ni ngozi inayotibiwa. Kwa muda huo punguza kwa mashine ya umeme ya saluni, ibaki milimita moja juu ya ngozi. Ukiipunguza kila baada ya siku mbili na kuchonga mstari vizuri, uso unakaa nadhifu. Asubuhi na jioni weka taulo la uvuguvugu shingoni dakika tano. Ukiona udevu umejikunja na ncha yake imeingia kwenye ngozi, uinue kwa sindano iliyopitishwa kwenye spiriti, uitoe ncha nje tu. Usiung'oe, kwa sababu utakaoota badala yake utaanza safari kutoka chini zaidi na kuleta kipele kipya. Usivikamue.

Na tafadhali, zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kwa ajili ya kuondoa vipele na kung'arisha, ziache. Nyingi zina dawa ya steroidi. Kipele kinazama juma la kwanza, unafurahi, kumbe ngozi inakuwa nyembamba, na ngozi nyembamba inakatika kwa wembe wowote. Kama usaha umeenea, kama una homa, au kama vipele vinaacha makovu magumu yanayovimba na kukua, nenda hospitali uombe kuonwa na daktari wa ngozi. Makovu ya namna hiyo yakianza, kunyoa kwa wembe hakukufai tena, na hapo barua ya daktari itaongea na bosi wako vizuri kuliko mimi.

Kama unakaa na wenzako chumba kimoja, mashine hiyo iwe yako peke yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili angalau siku 7 na bado vikaambukiza, na kwenye wembe havihitaji damu unayoiona kwa macho. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya imekuwa juu kwenye takwimu za VVU nchini kwa miaka mingi, hivyo hili silisemi kwa mazoea. Ikibidi kabisa umwazime ndugu yako mashine, wembe uutoe wewe mwenyewe kabla na mashine ilale kwenye spiriti baadaye. Nyembe zilizokwisha usizitupe kwenye ndoo ya takataka ambako mtoto au mzoa taka ataingiza mkono. Chukua kopo la maziwa la bati, toboa mfuniko kwa kisu uache upenyo mwembamba, zitumbukize humo. Likijaa miaka ijayo, libane kwa gundi ya karatasi na ulitumbukize kwenye choo cha shimo.

Umeuliza kama urudi kwenye vya plastiki. Usirudi, hasa vile vyenye nyembe mbili au tatu zilizopangwa pamoja. Wembe wa kwanza unaushika udevu na kuuvuta juu kidogo, wa pili unaukata ukiwa umevutwa, na ukikatika unarudi ndani ya ngozi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka huo ndio uzuri wake. Kwako ni vipele vilivyofungashwa. Mashine yako ya wembe mmoja inakata pale wembe ulipo, na ukishajua kuutuliza mkono, ndicho kifaa kinachoifaa shingo yako.

Siku utakayorudi kunyoa, nyoa mashavu peke yake. Siku ya tatu ongeza kidevu na chini ya pua. Shingo iingie juma la pili, raundi moja, karatasi ya mishale ikiwa mbele yako, wembe ukiwa mpya. Baada ya majuma mawili ya shingo, ukiona bado kuna kipele kipya kimetoka, niandikie uniambie kiko upande gani na ndevu za hapo zinalala kuelekea wapi.